Wakabidhi, Wenye Mamlaka na Majina ya Karatu

Kitabu cha mtu mmoja kina mwenye kuulizwa. Likipatikana kosa ndani yake, lawama humwendea mtungaji, na akiwa amefariki humwendea mchapaji. Lakini kitabu kinachoandikwa na watu wengi wasiojuana, kila mmoja kwa saa yake na mahali pake, na ambacho hakifungwi wala hakimaliziki, huzusha swali gumu zaidi: ni nani mwenye haki ya kukata neno pale waandishi wanapohitilafiana? Kitabu cha namna hiyo kimo katika Kiswahili tangu mwaka 2003, lilipoanzishwa tawi la Kiswahili la Wikipedia, ambalo wenyewe wameliita kamusi elezo huru. Leo lina makumi ya maelfu ya makala, nayo yameandikwa na watu wasiolipwa. Kwa wanafunzi wengi wanaotafuta habari kwa Kiswahili, ndicho kitabu cha kwanza kufunguliwa, na mara nyingine ndicho cha pekee.

Jina walilopewa wasimamizi wa kazi hiyo lastahili kutazamwa na wanalugha. Huitwa wakabidhi. Kukabidhi ni kutia kitu mkononi mwa mwingine kwa amana, na katika Kiarabu, lilikotoka, shina la neno hilo lina maana ya kushika kwa kiganja. Kiswahili kinalo pia neno kabidhi katika maana ya mtu mwenye kushika mno, yaani bahili. Waliolichagua jina hilo bila shaka walikusudia maana ya amana. Hata hivyo maana zote mbili zafaa kukumbukwa, kwa kuwa mkabidhi anaweza kuwa mwekwa amana, naye anaweza pia kuwa mtu aliyekumbatia kitu asitake kukiachia. Uwezo wake si mdogo. Anaweza kufuta makala, anaweza kuyafunga yasibadilishwe na watu wasiojulikana, anaweza kumzuia mwandishi asiandike. Uwezo huo hakuupata kwa barua ya serikali wala kwa cheti cha chuo, bali kwa kukubaliwa na wenzake waliomwona akifanya kazi.

Jambo hili si geni katika historia ya Kiswahili, ila limegeuka sura. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, nayo ikapewa kazi ya kusanifisha maandishi kwa msingi wa lahaja ya Unguja, na kupitisha vitabu vya shule kabla havijatoka. Huo ulikuwa usimamizi wa juu kabisa: neno lilipita au halikupita. Kwa Sheria ya mwaka 1967 Tanzania ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na kuanzia 1974 Baraza likatoa orodha zake za Tafsiri Sanifu. Kisha, mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Martin Benjamin alianzisha kamusi ya Kiswahili katika intaneti, ambamo wasomaji wenyewe walipeleka maneno na wahariri wakayapitia. Hapo ndipo hatua ya katikati ilipoonekana: wengi wanaleta, wachache wanachuja. Kamusi elezo ikaenda mbele zaidi, kwa kuwa humo mchango hauhitaji kusubiri ruhusa. Huandikwa kwanza, na kuchujwa baadaye. Kamati ya 1930 ilizuia kosa lisichapwe, lakini ilizuia pia mengi yasiandikwe kamwe. Kamusi elezo imefungua mlango kwa mengi, na makosa yameingia pamoja nayo.

Ili hoja isibaki hewani, yafaa itazamwe wilaya moja, na wilaya ya Karatu katika mkoa wa Arusha inafaa kuliko nyingi. Katika eneo hilo, kutoka uwanda wa juu ulio njiani kuelekea lango la Ngorongoro hadi bonde la Ziwa Eyasi, zinakutana lugha za asili zilizo mbalimbali kabisa. Wairaqw wanasema lugha ya Kikushi cha Kusini; Wadatoga na Wamaasai wanasema lugha za Kiniloti, ingawa za matawi mawili yaliyoachana zamani; Wahadzabe wana lugha ambayo wataalamu hawajaweza kuithibitishia udugu na nyingine yoyote; na wamo pia wasemaji wa lugha za Kibantu kama vile Waisanzu. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, shuleni na barazani. Basi mwandishi wa kamusi elezo anayetaka kuandika habari za Karatu kwa Kiswahili hana budi kuandika kwa herufi za Kiswahili majina ambayo hayakuzaliwa katika Kiswahili.

Makala ya kata za Tanzania katika kamusi elezo ni mafupi sana kwa kawaida: jina la kata, wilaya na mkoa, msimbo wa posta, na idadi ya watu kwa sensa. Makala ya namna hii huitwa mbegu, yaani yanangoja wa kuyaotesha. Kata za Karatu zimeingia humo kwa njia hiyo, miongoni mwao Baray, Buger, Daa, Endabash, Endamarariek, Ganako, Kansay, Mang'ola, Mbulumbulu, Oldeani, Qurus na Rhotia. Msomaji wa Kiswahili atasimama mara moja penye Qurus, kwa kuwa herufi q haimo katika abjadi yake. Atasimama tena penye Rhotia. Herufi hizo si pambo. Katika Kiiraqw herufi q ni sauti inayotamkwa nyuma kabisa ya kaakaa, wala si sawa na k; na lugha hiyo ina sauti nyingine za kooni na za pembeni mwa ulimi ambazo Kiswahili hakina hata njia ya kuzikaribia. Mtu anayesahihisha Qurus kuwa Kurusi kwa nia njema ya kusanifisha anafuta sauti pamoja na habari. Na anayelazimisha maandishi yote ya wanaisimu wa Kiiraqw, na alama zake za mkwaruzo, anamwacha mwanafunzi wa Kiswahili bila kujua pa kuanzia. Mang'ola ni jepesi zaidi, kwa maana ng' ni sauti ya Kiswahili pia, na hata hivyo ramani nyingi zimeandika Mangola bila alama, na hivyo kufundisha matamshi ambayo mwenyeji hayatambui.

Hapo wenye mamlaka hawana msaada mkubwa. Ofisi ya takwimu yaweza kusema kwa uhakika kwamba sensa ya 2012 ilihesabu watu 230,166 katika wilaya ya Karatu, na kwamba baada ya sensa ya 2022 hesabu hiyo ni ya historia. Serikali yaweza kusema kwamba mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002, Mbulu ilikwenda Manyara na Karatu ikabaki Arusha. Mwandishi asiyejua jambo hilo huziweka wilaya mbili hizi pamoja kwa kuwa wakazi wengi wa zote mbili ni Wairaqw. Katika mambo ya hesabu na mipaka, neno la ofisi ni la mwisho, na mtu wa kujitolea anayebishana nalo anapoteza wakati wake na wa wenziwe. Lakini karani aliyeandika orodha ya kata hakuwa na kazi ya kusikiliza sauti. Aliandika jina kama alivyolipokea, na aliyemtangulia vivyo hivyo. Na kosa likishapigwa muhuri mara tatu huonekana kuwa sanifu.

Zito zaidi kuliko majina ya mahali ni majina ya watu. Wadatoga wameitwa kwa muda mrefu Wamang'ati, jina linalotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maadui. Wahadzabe waliitwa Watindiga katika vitabu vingi vya zamani, na Wairaqw wakaitwa Wambulu kwa jina la wilaya. Mwandishi wa kujitolea aliye Dar es Salaam au Ulaya, akitegemea kitabu cha zamani kilicho rafuni, ataandika Wamang'ati kwa moyo safi, na kanuni ya kamusi elezo inayodai kila habari iwe na chanzo kilichochapwa itamlinda. Mdatoga wa bonde la Eyasi anayeingia na kulifuta jina hilo, asitaje chanzo chochote ila nafsi yake, ataonekana mharibifu, na huenda akazuiwa. Kwa kanuni mkabidhi amefanya vema. Kwa haki hakufanya. Hakuna ubaya wa mtu hapa, ni upungufu wa vitabu tu: habari za watu hao ziliandikwa mno na jirani zao au na wageni. Mwaka 2011 Wakfu wa Wikimedia, ambao ndio mwenye mitambo ya Wikipedia na makao yake yako San Francisco, uligharimia jaribio huko India na Afrika Kusini la kukubali maneno ya wazee yaliyorekodiwa kuwa ushahidi. Jaribio lilionyesha kwamba jambo hilo lawezekana, lakini halikugeuka kuwa kanuni ya jumla. Kwa bonde la Eyasi, ambako elimu nyingi ingali mdomoni, lingefaa kufufuliwa.

Jina Wahadzabe lenyewe lina fundo dogo la kisarufi. Katika lugha ya wenyewe mwisho -be tayari unaonyesha wingi wa watu, hata Kiswahili kikiongeza wa- mwanzoni huwa kimetia wingi mara mbili. Msahihishaji mkali atataka Wahadza. Mwenye kusikiliza watu barabarani Karatu ataacha Wahadzabe. Kiswahili kimekwisha kumeza maneno mengi ya namna hiyo bila kudhurika, na katika jambo kama hili mazoea ya wasemaji yana nguvu kuliko hoja ya mtaalamu, maadamu wenye jina hawachukizwi nalo. Neno Wamang'ati nalo lilikuwa mazoea, lakini wenye jina wanachukizwa, na hapo hukumu ni nyingine.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba watu wa kujitolea waachwe peke yao. Mambo yaliyotokea kwingineko hayaruhusu. Katika Wikipedia ya Kikroatia kundi dogo la wakabidhi lilishika kazi yote kwa karibu miaka kumi, likawazuia waliopinga, na kupotosha historia ya Vita Kuu ya Pili kwa kufuata siasa zake. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia aliwaonya wanafunzi wasiitegemee. Haikunyooka hadi kiongozi wa kundi hilo alipofungiwa mwaka 2020, na ripoti iliyoagizwa na Wakfu ikatolewa mwaka 2021. Katika Wikipedia ya Kiskoti hakukuwa na hila yoyote: mwaka 2020 iligunduliwa kwamba maelfu ya makala yalikuwa yameandikwa na kijana mmoja Mmarekani asiyeijua lugha, aliyekuwa akichukua Kiingereza na kukibadilisha tahajia neno kwa neno, na aliyekuwa pia mkabidhi. Alianza angali mtoto, alifanya bidii, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mfano wa pili unaigusa kamusi elezo ya Kiswahili kwa karibu zaidi kuliko wa kwanza. Wasemaji wa Kiswahili ni makumi ya mamilioni, lakini wanaokesha kutazama mabadiliko ya kila siku ni wachache mno, na mitambo ya kufasiri imefanya iwe rahisi kumwaga makala mia kwa usiku mmoja. Mwaka 2025 ilikatwa shauri la kuifunga Wikipedia ya lugha ya Greenland kwa ombi la mkabidhi wake mwenyewe, aliyeona kwamba sehemu kubwa ya yaliyomo ilikuwa tafsiri ya mashine isiyo lugha. Kiswahili hakiko katika hatari ya namna hiyo, kwa kuwa kina wasomi, magazeti na vyuo. Lakini makala juu ya kata ya mbali hayasomwi na wasomi. Husomwa na mtoto wa shule wa kata hiyo. Sentensi ya mashine yenye ngeli zilizovurugika inaweza kukaa humo miaka mingi, na mtoto akaichukua kuwa ndicho Kiswahili cha vitabuni.

Basi pana haja ya mkono wa juu. Lakini mkono huo nao una historia yake. Mwezi wa Juni 2019 Wakfu wa Wikimedia ulimfungia kwa mwaka mmoja mkabidhi mmoja wa Wikipedia ya Kiingereza, bila kueleza wazi kosa lake wala kupitia baraza la usuluhishi lililochaguliwa na waandishi wenyewe. Yamkini palikuwa na sababu, kwa kuwa malalamiko ya watu walioumizwa hayawezi yote kuwekwa hadharani. Hata hivyo wakabidhi wengi walijiuzulu kwa kupinga, na mnamo Septemba baraza lile lilikifuta kifungo, ingawa halikumrudishia ukabidhi wake. Kilichowakasirisha watu hakikuwa adhabu tu, bali kwamba ilishuka kutoka mahali pasipoweza kuulizwa. Kanuni ya jumla ya mwenendo, iliyopitishwa na bodi ya Wakfu mwaka 2021, ilikuja baada ya hapo, na taratibu za kuitekeleza zikapigiwa kura na waandishi. Mpango huo ungekuja kabla ya kifungo, machungu mengi yangeepukwa.

Mkono wa dola ni mzito zaidi. Nchini Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alishtakiwa, pamoja na mengine, kwa kuzuia uchunguzi wa polisi kwa kutotoa habari za watumiaji. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikataka watoaji wajiandikishe na kulipia leseni, na mwezi wa Juni mwaka huo jukwaa hilo lilisimamisha huduma zake kwa muda. Sheria iliyokusudiwa wenye magazeti na redio haimpati kwa urahisi mtu anayesahihisha sentensi mbili juu ya Kansay baada ya kazi zake za mchana. Lakini mtu huyo, akiwa mwoga kidogo tu, ataacha kusahihisha. Hasara hiyo haionekani katika takwimu yoyote.

Jirani na Karatu kuna mfano wa hivi karibuni ambao ni mgumu kuliko yote. Kwa Tangazo la Serikali Na. 673 la tarehe 2 Agosti 2024, kata na vijiji vilivyomo katika Hifadhi ya Ngorongoro viliondolewa katika orodha ya maeneo ya utawala, wakati wakazi wengine walikuwa wakihamishiwa Msomera, Handeni, tangu 2022. Wakazi waliandamana, na tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu ya Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Kwa muda wa wiki tatu, basi, ilikuwapo hoja ya kisheria kwamba kata hizo hazipo, hali watu, ng'ombe na shule zilikuwapo palepale. Mwandishi wa kamusi elezo afanye nini siku hizo? Akifuta makala kwa kuwa gazeti la serikali limefuta kata, amejifanya karani wa wizara. Akikataa kulitaja tangazo kwa kuwa analiona la dhuluma, amejifanya wakili. Lililo lake ni kuandika kwamba tarehe fulani tangazo fulani lilisema hivi, na tarehe nyingine mahakama ikasema vile, na kuyaacha makala yakiwa na jina la mahali na wakazi wake. Kwa mwandishi wa namna hii tendo la wenye mamlaka ni habari ya kuandikwa. Halina nguvu ya amri juu ya kalamu yake. Hapo ndipo mkabidhi anapohitajika kwa kweli, ayafunge makala kwa siku chache, awaite wanaoshindana kwenye ukurasa wa majadiliano, kisha ayafungue.

Aliyewahi kufika Mang'ola ameona jambo lililo karibu na hili. Maji ya chemchemi huko hugawanywa kwa mifereji katika mashamba ya vitunguu. Bodi ya bonde ndiyo yenye sheria na vibali, lakini hakuna afisa anayeweza kukaa kila mfereji kutazama nani amefungua kabla ya zamu yake. Hilo linajulikana na jirani wa shamba. Naye jirani hawezi kuamua peke yake ikiwa mwenye shamba la juu ni shemeji yake.

Kwa hiyo mizani inayotafutwa haipatikani kwa kukata uwezo nusu kwa nusu, kana kwamba ofisi na wajitoleaji ni ndugu wawili wanaorithi shamba. Inategemea jambo lenyewe ni la namna gani. Usalama wa mtu aliyetishwa au kufuatwa ni wa ofisi, na ofisi isichelewe. Mradi ulioshikwa na kundi ni wa ofisi pia, ila baada ya wenyewe kushindwa, na kwa sababu zinazoandikwa. Hesabu na mipaka ni za takwimu na tarehe. Lakini jina la watu, matamshi ya mahali, na uamuzi wa kuandika Wahadza au Wahadzabe haviwezi kuamuliwa na Dodoma wala San Francisco. Vinahitaji mtu anayesikia.

Mtu huyo hasikii peke yake, na hapo ndipo taasisi za Kiswahili zilipobaki nyuma. Kamusi za jumla hazikuundwa kwa ajili ya majina ya mahali, na mchango ulio wazi kutoka vyuoni ungekuwa orodha ya majina ya kata na vijiji pamoja na matamshi yake, lugha yalikotoka na namna wenyeji wanavyoyaandika. Oldeani ni Kimaasai, nalo lahusu mianzi. Lakini kwa mengi kati ya majina ya Karatu yanayoanza na Enda- mwandishi wa kamusi elezo hana chapa ya Kiswahili ya kutaja, na wazee wanaoweza kuyaeleza wako Endabash na Endamarariek, mwendo wa saa chache kutoka Arusha.